Fifi ya Bibi

Juzi sokoni Bariadi mama muuza nyanya aliniuliza, "Tajiri, nikuwekee mafungu mangapi?" Nikaduwaa pale, mfuko mkononi. Usinishangae, rafiki yangu. Mimi niliishia darasa la saba, leo nina malori mawili na hakuna aliyenishika mkono. Wenye vyeti wananiamkia wao kwanza. Ila nikisikia neno fungu, narudi Ngulyati, uwanjani kwa bibi.

Kwetu neno hilo lilifanya kazi nyingi. Mchungaji alisema tusome fungu la nane. Ng'ombe akichinjwa, kila shangazi alikuwa na fungu lake la nyama juu ya majani. Lakini fungu lenyewe, nakwambia, lilikuwa la pamba. Tukishavuna tulikaa kuizunguka, tunatafuna matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, huku tunachambua. Nyeupe iliyofunguka vizuri, hiyo safi, huku. Yenye manjano, iliyoumwa na wadudu, hiyo fifi, kule. Vumbi puani, chafya na vicheko.

Safi ilikuwa ya babu. Fifi, kwa desturi ya mji wetu, pale nyumbani, ilikuwa ya bibi. Aliipeleka mwenyewe chamani, kwenye ushirika wa wakulima, akarudi na chumvi, kanga na madaftari yangu bila kumwomba mtu. "Babu yako ana ng'ombe," alinitania, "mimi nina uchafu wangu."

Halafu biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori mpaka uwanjani. Kijana wa mizani akatazama yale mafungu mawili, akacheka.

"Mzee, mnajitesa bure! Changanya tu, sisi bei moja."

Babu akanigeukia, akanionyesha beseni kwa kidevu. Bibi akasema taratibu, "Ng'wana wane, mwanangu, langu liache hapo."

Nilimsikia vizuri. Lakini nilitaka kijana wa lori anione mjanja. Nikajaza beseni, nikamwaga fifi juu ya safi, beseni baada ya beseni, mpaka upande wa bibi ukabaki udongo mtupu.

"Dogo huyu atatajirika!" kijana akasema. Hakukosea.

Malipo yote yaliingia mkononi mwa babu. Tangu msimu ule bibi akawa anaomba hata chumvi, na babu hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasahau tu.

Nilipoanza kupata, nilimpelekea doti mbili za kanga na sukari mfuko mzima. Nani kijijini alikuwa amemfanyia bibi yake hivyo? Akapokea kwa mikono miwili.

"Wabeja, asante mjukuu wangu," akasema. "Fungu hili umenipa. Lile lilikuwa langu."

Sasa mnunuzi ni mimi, kuanzia Sola hadi Nyalikungu, na sijakuta mji hata mmoja watu wamekaa wanachambua. Gunia linatoka shambani moja kwa moja, mume anapokea hela, wanaondoka. Mara nyingi pembeni ya mizani anakuwepo mama, anakung'uta nyuzi za pamba kwenye kanga yake, kisha anamfuata mumewe.