Mapipa Yaliyopungua Mnarani

Ko. Sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mathurine Lescarret anaikumbuka hadi leo. Kwa miaka thelathini na moja aligonga mapipa ya kasri tunalofanyia kazi kila Jumatatu kwa kifundo cha kidole, na yale ya mnarani yalimjibu kwa sauti nzito, ya tumbo lililoshiba. Jumatatu ile ya Mei pipa la kwanza lilijibu ko. La pili vilevile.

Mbao za mwaloni hunywa mvinyo, ndiyo maana mapipa hujazwa kila wiki. Lakini kwa wiki hunywa kikombe, si chupa mbili kama safari hii. Mathurine akajaza, akavigonga vizibo kwa nyundo. Jumatatu iliyofuata, ko.

Mnara ule ulijengwa kwa ajili ya vita. Mabwana wa kwanza waliwarushia Waingereza mishale kutoka humo; baadaye watawa wakaweka ngano, kisha babu yake Mathurine, mtengeneza mapipa, akaingiza mvinyo. Mwaka uliotangulia kasri zima lilinunuliwa na Bwana Castaing, daktari wa meno kutoka mjini.

"Bi Lescarret, funguo za mnara ziko ngapi?" aliuliza alipoambiwa mvinyo unapungua.

"Mbili, bwana. Wako na wangu."

"Na mimi sinywi."

"Mimi nakunywa. Ila humu naonja na kutema, muulize yeyote."

"Nitakuuliza wewe. Nipe jibu kabla ya Julai, au nitafute mtu mwingine."

Usiku na mchana akawaza, na mawazo yote yakaishia kwa Firmin, mkata mizabibu, mume wa marehemu dada yake. Mara mbili aliwahi kumwazima ufunguo akachukue ngazi.

"Shemeji, mbona siku hizi umenawiri?"

"Jua tu, Mathurine. Au umeanza kunitamani?"

Hakucheka. Alibandika unywele kwa nta juu ya kila kizibo. Jumatatu nywele zilikuwa mahali pake, na mapipa yakajibu ko. Mtu mwingine angepumua. Yeye alijiambia kwamba mwizi huyu ni mjanja kuliko alivyodhani.

Jumapili hakumwekea Firmin sahani kama ilivyokuwa desturi. Mzee alifika na sungura wake aliyekwisha kuchunwa, akakuta mlango umefungwa.

"Nimekukosea nini?" aliuliza kupitia dirisha.

"Jiulize mwenyewe."

Katikati ya Juni aliamua kumvizia. Alikaa nyuma ya mapipa tangu asubuhi, na kitambaa alichokilowesha kujifuta shingo akakitundika ukutani. Hakuja mtu. Adhuhuri midomo ilikuwa imempasuka. Aligusa kitambaa: kikavu kama karatasi. Aligusa ukuta. Ule ukungu mweusi, laini kama manyoya ya paka, uliokuwapo tangu utoto wake, ulimomonyoka vidoleni ukawa vumbi. Upepo ulikuwa ukimpuliza kisogoni.

Ulitoka kwenye matundu ya mishale. Babu yake aliyaziba kwa udongo na majani makavu. Mwezi Machi Castaing aliyazibua, wageni waje wayapige picha, na sote tulifurahi. Mathurine mwenyewe alipiga makofi kwa sababu hatabeba taa tena. Nuru ilimfanya asahau kwamba ghala la mvinyo likikauka, mbao hunywa kwa pupa.

Alimvuta Castaing kwa mkono wa koti hadi mnarani, akamshikisha ukuta.

"Mwizi umemfungulia wewe, bwana. Na mimi nikamkaribisha."

"Lakini wageni wanayapenda haya matundu."

"Basi wauzie matundu. Mvinyo niachie mimi."

Tuliyaziba siku hiyohiyo, tukamwaga maji sakafuni. Baada ya Jumatatu tatu mapipa yakaanza kujibu vizuri, na Castaing hakusema tena habari za Julai. Wala hakuomba radhi.

Siku alipohakikisha kwamba mapipa hayapungui tena, Mathurine alikuja shambani. Mimi nilikuwa nafunga matawi ya mizabibu kwenye mstari mmoja na Firmin. Mzee hakuinua kichwa.

"Umekuja kuhesabu mikasi yangu?"

Kumbe alikuwa amejua kwamba anashukiwa. Mathurine alichukua kamba kikapuni, akafunga tawi moja, akafunga la pili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo hata ikanibidi niache kazi ili niisikie:

"Nilidhani ni wewe, Firmin. Sikumfikiria mwingine hata mmoja."