Wanyama Wanaokula Umeme wa Shemeji

Shemeji yangu alisoma mita za umeme za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo sidhani kama kuna mtu aliyefurahi kumwona. Si kosa lake. Mtu akigonga mlango wako kila mwezi, akapita moja kwa moja hadi ukutani, akaandika namba na kuondoka bila kusema kama ni habari njema au mbaya, humvutii kiti. Naye alilipiza kwa njia yake. Ukimkaribisha kwako, jambo la kwanza atakalofanya ni kuzima taa, wala haulizi kama mnaitumia. Mimi aliwahi kunizimia nikiwa nanyoa ndevu, na alama ninayo mpaka leo kidevuni, ndogo tu, nisimsingizie. Wote tulimwita Msoma Mita, hata mdogo wangu aliyeolewa naye, na alipostaafu jina akabaki nalo, maana kazi haikumwachia vitu vingi zaidi ya hilo na baiskeli.

Sasa huyu ndiye mtu aliyeamua, uzeeni, kufuga wanyama wanaokula umeme.

Ngoja nieleze vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima kuelewa, na nilikuwa nakaa humo humo ndani. Nilikwenda kuwasalimu kwa siku tatu, nikakuta mambo yamenoga, nikabaki.

Katika njia yake ya zamani kulikuwa na daktari wa meno. Mita ya daktari ilikuwa kwenye chumba cha kusubiria, ukutani juu ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani ya tangi kulikuwa na matumbawe hai. Kila mwezi Msoma Mita alisoma mita kwa nusu dakika na kutazama tangi kwa robo saa. Aliniambia ndiyo nyumba pekee ambayo hakuna aliyemharakisha aondoke. Nikamwambia ni kweli, wote waliokuwemo walikuwa wameshika mashavu. Daktari alipofunga kazi na kwenda kuishi kwa binti yake, tangi halikuwa na pa kwenda, akampa msoma mita wake. Lilifika kwa mkokoteni, maji yakiwa kwenye ndoo, na shemeji akitembea kando amebeba tumbawe moja ndani ya sufuria, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga hospitali.

Nilidhani ni mawe. Nikasema mawe mazuri. Akanisahihisha kwa uchungu: si mawe, wala si mimea, hata kama yamesimama kama mimea. Ni wanyama, wadogo wengi walioshikamana, na ndani ya miili yao wamewapangisha mwani wadogo mno wasioonekana kwa macho. Mpangaji anapika chakula kwa mwanga, na kodi analipa kwa chakula hicho hicho. Mwanga ukipungua, hapiki. Mwanga ukizidi ghafla, anafukuzwa, na mwenye nyumba anapauka, anakuwa mweupe, halafu anakufa njaa. Nikauliza, huo mwanga ni wa jua? Akasema chumbani hamna jua, kuna umeme. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia anachosema mwenyewe.

Mirija ya taa ya daktari ilikuwa imevunjikia kwenye mkokoteni, kwa hiyo taa mpya ilitakiwa upesi, na akaichagua kama alivyoipima dunia yote, kwa mita. Alizunguka madukani akisoma maboksi, na boksi lililotaja umeme mdogo kuliko yote ndilo likashinda. Ilikuwa taa ya kumulikia geti. Baada ya wiki tatu kioo kilivaa utelezi wa kijani, na matumbawe yakawa na rangi ya chai iliyomwagika, yamejikunja. Kwa kufukuzia wezi ilikuwa taa nzuri sana, na matumbawe yaliielewa hivyo hivyo, yakajificha.

Akageuka upande wa pili, kama wafanyavyo wabahili wakishtuka. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa na taa kubwa iliyotolewa kwenye uwanja wa mpira, akampa karibu na bure, na mtu aliyeangalia umeme wa kila jirani kwa miaka thelathini na mmoja hakujiuliza kwa nini kitu kizito vile kinatolewa bure. Matumbawe yalifunguka, hilo nakiri. Yalifunguka kama mashabiki. Lakini maji yalipata moto, ikabidi feni. Feni ikapuliza, maji yakapungua, ikabidi kila asubuhi amimine ndoo nyingine. Na mita ya nyumba, ambayo kabla ya tangi ilikuwa inakula uniti nne kwa siku, sasa ilikula kumi, huku mwenyewe akisimama mbele yake kwa heshima kama amekutana na bosi wake wa zamani.

Basi akabana matumizi. Si ya taa ile, hapana, hiyo ilikuwa ya wanyama. Alitoa balbu ya ukumbini, akatoa ya jikoni, akatoa ya chumba nilicholala mimi, ambaye ni mgeni na ni mkubwa wa mke wake. Kwa muda wa mwezi tulikula mbele ya tangi, tumepanga viti mstari mmoja, familia nzima ya watu wazima ikiazima mwanga kwa matumbawe. Anayetaka chumvi anapapasa.

Ndipo akaenda kwa mama mwenye duka la samaki wa mapambo, ambako angeanzia kama kuuliza kungekuwa bure kwake. Mama yule aliposikia habari za taa ya uwanjani alivua miwani, akamwuliza kama anafuga au anachoma. Akamuuzia taa iliyotumika, bapa, yenye vidoa vingi vya LED, vingi vikiwa vya bluu, akamweleza kwamba bluu ndiyo inayofika chini baharini na ndiyo wale wapangaji wanaipikia. Taa ilikuwa na kitufe cha kupunguza na kuongeza. Alipokisikia hicho kitufe, shemeji hakusikiliza kilichofuata.

Tangi lilikuwa kwenye chumba cha cherehani, maana ndicho chenye sakafu imara na soketi isiyotoa cheche. Hicho ndicho chumba cha kazi cha mdogo wangu. Yeye ni fundi wa nguo, anashona sare za makampuni, na mikono yake ndiyo imelisha nyumba ile miezi yote ambayo mshahara wa mume ulichelewa. Msoma Mita aliitundika taa darini, juu kabisa, isirukiwe na maji, akaiweka mpaka mwisho wa nguvu, saa kumi na nne kwa siku. Kisha akapanda kiti na kuitoa balbu ya mke wake, akashuka na kuchomoa hata kale kadogo ka kwenye cherehani. Taa mbili chumba kimoja, alisema, ni ulafi.

Mdogo wangu alikuwa na haraka. Alikuwa na suruali kumi na sita nyeusi za wabeba majeneza wa kampuni moja ya mazishi, na yule msimamizi wao hakuwa mtu wa utani. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, dirisha likawa halina msaada, akashona kwa mwanga wa bluu. Akachukua uzi mweusi, akapinda suruali zote kumi na sita, akapiga pasi, akakunja.

Msimamizi wa mazishi alizifungua barazani, jua limetoka. Alitazama pindo la kwanza, la pili, la tatu. Akauliza kwa upole wa kazi yake kama siku hizi marehemu wanasindikizwa kwa mapambo. Uzi ulikuwa damu ya mzee. Kwenye taa ya bluu wekundu hauna pa kuonekana, kitu chekundu kinageuka cheusi kama kaniki, na fundi mwenye miaka ishirini na mitano ya kazi alikuwa ameshona msiba wa watu kwa uzi wa harusi. Alipewa mpaka Ijumaa azifumue na kuzirudia.

Mdogo wangu si mtu wa kelele, na hapo ndipo mtu huanza kuogopa. Alizibeba suruali ndani, akazipanga juu ya cherehani, akamwita mume wake aje asimame pale, katikati ya mwanga wake.

"Baba Watoto, suruali nitazifumua mimi, maana mikono ilikuwa yangu. Lakini na wewe una mpaka Ijumaa. Balbu zangu zote zirudi, na mita irudi ilipokuwa. Isiporudi, mama wa duka nimeshaongea naye, atakuja kuchukua wanyama wako."

"Hata lile la sufuria?"

"Hilo ndilo atakaloanza nalo."

Nilitegemea abishe. Alikwenda kuchuchumaa mbele ya tangi, akalitazama lile tumbawe, limekaa kama kiganja, ncha zake za kijani zinacheza na maji. Nilikuwa na maneno mawili matatu ya kejeli tayari mdomoni, yakanishinda kuyatoa. Mtu amesimama milangoni kwa watu umri wake wote, amepata kimoja cha kutazama, na sasa ana siku nne.

Siku ya kwanza alihesabu. Akarudisha balbu, akasoma mita, akapunguza nguvu ya taa, na kufikia jioni matumbawe yalikuwa yameanza kusinyaa. Akaipandisha tena. Siku ya pili alihesabu vilevile, kwa kalamu nyingine.

Mke wake alikuwa anafumua. Alikuwa amewasha kale kataa ka kwenye cherehani, kabalbu kadogo chini ya kikofia cha bati, kalikoinama mpaka karibu na sindano. Shemeji alikuwa anapita mara ya kumi na daftari lake. Mdogo wangu akamwambia, bila kuinua macho, asogee, anamzibia, halafu akamwuliza kama amewahi kumwona fundi aliyetundika taa ya sindano darini.

"Unamulika kuta," alisema. "Unamulika kichwa cha kaka yangu, kisicho na nywele wala kazi. Hao wanyama wako chini huko, wanapata makombo."

Tulitazama kuta. Zilikuwa bluu safi mpaka kwenye pembe. Sakafu bluu, kabati bluu, mimi bluu. Tulikuwa tumemulikwa vizuri sana, sote tusiopika kwa mwanga.

Shemeji aliishusha taa kwa minyororo mpaka shibiri moja na nusu juu ya maji. Mdogo wangu alikata bati la kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akalipinda pande zote nne kwa mkasi wake wa zamani, upande unaong'aa ukitazama ndani, taa ikapata kofia. Kisha akapitisha kidole kwenye kioo cha kufunikia tangi, akamwonyesha mumewe: chumvi, imeganda kama ukoko, haijafutwa tangu mkokoteni. Kidole kilitosha.

Shemeji alitaka kuiacha taa kwenye nguvu zote kwa furaha, lakini safari hii alikwenda dukani kuuliza kwanza. Mama yule alimwambia kwa ukaribu huo atayapausha kwa siku moja, aanze robo, apandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, asivuke nusu, na saa tisa zinatosha. Akamwazima na kipimo cha mwanga, kidude chenye waya na macho ya kuzamisha majini. Kinatoa namba. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ile. Alipima juu, akapima chini, akaandika, akapima tena, na chini pale penye lile la sufuria robo ya taa iliyoshuka ilizidi taa nzima iliyokuwa darini.

Ijumaa suruali zilichukuliwa, nyeusi kwa nyeusi, msimamizi akaridhika kadiri watu wa kazi ile wanavyoridhika. Kisha mdogo wangu akaenda kwenye mita. Alisoma mwenyewe, mumewe hakuruhusiwa kukaribia. Tuliwasha balbu zote usiku uliotangulia kama kawaida yetu ya zamani, hakuna kudanganya.

Uniti tano.

Tano si nne. Shemeji alijua kabla hajaambiwa, alisimama kama mwanafunzi. Akaeleza pampu, akaeleza kwamba pampu haizimwi, maji yakisimama wanakufa.

"Nilisema irudi ilipokuwa," mke wake alisema.

Shemeji alitembeza macho ukutani, kwenye jokofu, kwenye redio. Mwisho akaenda bafuni. Katika nyumba ile kulikuwa na anasa moja tu, hita ya maji ya kuogea, aliyojinunulia siku aliyostaafu, na alikuwa akiizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia watoto wao waliosoma. Alirudi ameshika fyuzi yake, akaiweka kwenye kiganja cha mke wake.

"Hiyo ndiyo uniti yako."

Mdogo wangu aliitazama fyuzi, akamtazama mume. Akasema yeye maji yake atachemsha kwa gesi. Akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwenye cherehani yake, na ndiyo yakawa yamekwisha. Mama wa duka hakuja.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Kesho yake niliingia kuoga, nikafungua bomba, na kilichonipata kule sitaki kukiandika. Nilipotoka natetemeka nikamkuta Msoma Mita yupo mbele ya tangi, nywele mbichi, midomo imemkauka kwa baridi, ananiashiria kwa mkono nije haraka. Lile tumbawe lake lilikuwa limekunjua vidole vyote. Akaniambia nisogee pembeni, namkingia mwanga.