Kurasa Nilizoziruka kwa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, maalim mkuu wa madrasa yetu ya Majengo aliitikia salamu, kisha akaniuliza, "Una udhu?" Nikamwambia ninao. "Na mswaki umepiga?" Loo! Akanirudisha bombani. Nilipokaa kuelekea kibla alinisikiliza aya tatu tu, akanikata. "Unakimbizwa na nani wewe? Soma kwa tartili." Tartili, nyinyi vijana, ni kusoma kwa utulivu, kila herufi ipate haki yake. Mbele yake nilisoma hivyo miaka yote. Alipokuwa hayupo, mh!

Kazi yetu nyingine ilikuwa hitima. Akifa mtu tunaitwa nyumbani kwake, Kurani inagawanywa juzuu thelathini, kila msomaji na yake, tunasoma wote kwa wakati mmoja ili marehemu apate thawabu za msahafu mzima. Kelele tupu, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nilisifika kwa kumaliza wa kwanza.

Ndipo akaja imamu kijana, akasema mimbarini kuwa hitima ni bidaa, jambo lililozushwa katika dini. Nilimvaa pale pale baada ya sala. "Umezaliwa jana, utufunze sisi?" Akajibu kwa upole, "Maalim, hebu niambie, huwa mnasoma kweli?"

 Nilikumbuka Makongeni, kwa Bi Zuhura, mjane wa fundi wa reli. Siku ile ya hitima ya mumewe pilau ilikuwa inanukia, nikaruka kurasa kama kumi, nikafunga juzuu. Yeye hajui kusoma. Aliponiuliza, "Imetimia yote, maalim?" nilimwambia yote.

Sasa nimestaafu na sina raha. Kila Ijumaa mama huyu akiniona ananiombea dua kwa nilivyomsomea mumewe. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwake nikamwambia ukweli. Alishika shavu. Kisha akatengeneza ushungi wake, akaketi mkekani.

"Soma zilizobaki. Polepole, nisikie."

Nilizisoma kwa tartili, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Nilipofunga msahafu nilihisi nimetua mzigo.

"Ahsante, maalim," akasema. "Na kwenye zile nyumba zingine?"

Nikavaa viatu. Hizo nyingine hata sikumbuki zilikuwa za nani.