Kidole cha Chizuru

Ukoo wa Kuramochi haukuachiana mashamba wala majumba. Uliachiana jina safi. Marehemu Kuramochi alisimamia treni katika stesheni ya chini ya ardhi ya Hinokidani, pembezoni mwa Yokohama, mpaka maradhi yalipomlaza. Binti yake Chizuru alipomaliza shule, shangazi zake walimtafutia nafasi benki.

"Benki watapata wengine," akawajibu. "Mimi nataka kazi ya baba."

Mama yake, Bi Hatsue, alichukua glavu nyeupe za kazi hiyo akazipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu alipoajiriwa, kila treni inapotaka kuondoka, Chizuru huielekezea milango kidole kuhakikisha hakuna kilichobanwa, kisha ukingo wa jukwaa, akitamka kwa sauti: "Milango, sawa! Ukingo, sawa!" Watoto wa shule humwiga. Yeye huwaacha waige.

Asubuhi moja ya mvua, watu wakikimbilia makazini, aliona kitu cheusi kimebanwa mlangoni. Akadhani ni fimbo ya kipofu, akabonyeza kitufe cha dharura. Treni ikasimama, na za nyuma yake zikasimama pia. Kumbe ncha ya mwavuli, na mwenyewe yumo ndani salama, kajaa haya. Chizuru alivua kofia akawainamia abiria kuomba radhi, behewa baada ya behewa.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani yao, Bi Sumie, alimkuta Bi Hatsue kwa muuza tofu ya soya.

"Nasikia binti yako kaokoa mwavuli!"

"Ndiyo. Na haukuumia."

"Mume wangu kachelewa mkutano, maskini. Enzi za marehemu hatukuyaona haya."

Bi Hatsue aliondoka shingo wima, lakini hilo la marehemu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni Chizuru hakumaliza supu yake.

"Mama, naogopa."

"Umekemewa?"

"Wala. Naogopa kesho nitaona kitu, halafu nijiambie, 'Aa, mwavuli tu huo.' Nikifika hapo, bora nihamie ofisini."

Bi Hatsue alimsogezea bakuli. "Kula kwanza," alisema.

Kesho yake Bi Hatsue alinunua tiketi ya kuingilia jukwaani tu, akateremka ngazi. Bi Sumie alikuwepo, kapanga foleni ya treni ifuatayo, anakwenda kwa daktari wa meno. Treni iliyokuwapo ilijaa, milango ikafungwa. Kidole cha Chizuru kikapita mlango hata mlango, mara kikaganda. Kitu chembamba kilikuwa kinaning'inia. Bi Hatsue aliliona bega la mwanawe likisita.

Kisha mkono ukapiga kitufe.

Ulikuwa mkanda wa mkoba. Abiria wakaguna. "Tena?" mmoja akauliza. Chizuru alivua kofia, akainama, akaivaa, akaanza upya kuanzia mlango wa kwanza. Sauti yake haikutetemeka: "Milango, sawa! Ukingo, sawa!"

"Haya, jirani," Bi Sumie akacheka, "leo kaokoa mkoba."

"Jana mwavuli, leo mkoba," alijibu Bi Hatsue, na foleni nzima ikamsikia. "Siku atakapobanwa mjukuu wako, binti yangu hatasimama pale akibahatisha. Baba yake angemvulia kofia. Yule ni Kuramochi, nami ndimi niliyemzaa."