Siku Kumi na Mbili Ndani ya Pipa

Mimi nilizaliwa na swali mdomoni. Mama hupenda kusimulia jinsi nilivyomfuata kuku siku nzima nikiwa mdogo, nijue kama anasukuma yai au linatoka lenyewe. Kwa hiyo watafiti wa chuo kikuu walipofika Garsen baada ya mafuriko ya Elnino, maji yakiwa ndiyo kwanza yanarudi mtoni, na wakatafuta mtu wa kuwatafsiria Kipokomo vijijini, sikungoja kuitwa mara mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa tu kwetu Ngao nikimsaidia mama shamba.

Walikuwa wanne, na watu wakawapa majina kwa kile walichokuja kuuliza. Wa Mbu alichota maji ya kila dimbwi akayatia kwenye vichupa. Wa Nyani alishinda msituni shingo juu, tukamwonya itabaki hivyo hivyo. Wa Maneno, mzee mpole, alitaka kujua tuna majina mangapi ya matope, na nilipomtajia saba alinishukuru kama nimempa mbuzi. Wa nne alikuwa dada mmoja kutoka bara, mwanafunzi, amenizidi miaka michache tu. Yeye alikuja kwa ajili ya mpunga.

Nilimpenda siku ile ile. Alikuwa amesikia kwamba huku chini ya Tana kuna mpunga ambao maji yakiufunika haufi, akataka kujua kwa nini. Unapumua vipi humo ndani? Unakula nini? Maswali hayo nilikuwa nimeyauliza mimi tangu utotoni, nikaambiwa ninyamaze nipalilie.

Mama alikuwa na mpunga huo. Tuliuita mpunga wa bibi, maana mama aliupata kwa mamake, naye kwa mamake. Mwaka ule majirani wengi walipoteza mbegu zao zote. Mama alikimbia maji akiwa na wadogo zangu, sufuria moja na kibuyu kimoja, na ndani ya kibuyu ndimo ilimokuwa mbegu ya mwisho. Alikining'iniza juu ya meko ili moshi ufukuze fukusi. Tulikula mahindi ya msaada miezi mingi, na hakuna aliyethubutu kukitazama kile kibuyu kwa jicho la njaa.

Nikampeleka dada nyumbani. Tukapewa chai. Nilikuwa tayari kutafsiri, lakini akasema atasema mwenyewe kwa Kiswahili, ndiyo heshima. Akaanza vizuri, akaamkia, akaitikiwa. Kisha akasema, "Mama, naomba mbegu kidogo tu, kiganja kimoja, kwa ajili ya majaribio."

Sasa, Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Sokoni hakuna majaribio. Kanisani kuna majaribu. Mama akaweka kikombe chini.

"Kila siku naomba nisitiwe majaribuni," akasema, "na wewe umepanda gari kutoka bara kuniletea majaribu hapa jikoni?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema tu, Mama, anataka kuipanda aone itakuwaje, mambo yangeisha. Badala yake nilicheka. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Dada hakuelewa, lakini naye akacheka ili nisicheke peke yangu. Mama akatutazama wasomi wawili tunaomcheka ndani ya nyumba yake. Baadaye nilimfafanulia lile neno mara tatu, na kumbe alikuwa ameelewa mara ya kwanza.

"Neno nimelielewa," akaniambia. "Na kicheko pia nimekielewa." Mbegu haikutoka.

Ningekuwa mtu wa kuacha, ningeacha. Siku ya kupanda mama alikiteremsha kibuyu, akamimina mbegu kwenye ungo, akatoka kwenda kuchukua jembe. Nikachota kiganja kimoja, nikakifunga kwenye pindo la leso. Niseme wazi: niliiba. Wala sikuiba kwa ajili ya dada au chuo kikuu chake. Niliiba kwa sababu nilitaka kujua.

Mama akapanda yote iliyobaki kwenye shamba la bondeni. Dada, niliyemdanganya kwamba mama amekubali, akapanda ile yangu katika ndoo tatu huko Garsen, nyuma ya chumba alichopanga kwa mama mmoja wa Kiorma muuza maziwa. Miche ilipofika shibiri moja aliazima pipa kubwa la mwenye nyumba, akalijaza maji, akazishusha ndoo humo hadi kila jani likafunikwa. Mwenye nyumba akaja kutazama.

"Nyinyi nazamisha mpunga?" akauliza. "Yeye nakosa nini?"

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika. Asubuhi moja mimi na mama tulifika bondeni tukakuta viboko wamepita. Palipokuwa na mpunga palibaki nyayo zilizojaa maji, na vishina vilivyotafunwa hadi kwenye tope. Mama alilizunguka shamba mara mbili, kisha akakaa kwenye tuta.

"Basi," akasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Umekuja kufia kwangu."

Mpunga wa wanawake wote wale, mkono kwa mkono, ukaja kufia kwake. Moyo uliniuma nikashindwa kumtazama usoni.

Siku hiyo hiyo nilipata lifti ya trekta hadi Garsen, nikamweleza dada kila kitu, na wizi pia. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alipotulia akanipeleka kwenye pipa.

"Hii ni mali ya mama yako," akasema. "Itoe sasa hivi, nitakusaidia kuibeba. Leo ni siku ya tisa. Mpunga mwingine ungekuwa umeshaoza, lakini huu, tazama, bado kijani. Ukiutoa leo nadhani utapona karibu wote."

"Na ukikaa zaidi?"

"Sijui."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu msomi akisema sijui bila kuona haya. Neno hilo lilinishika. Mama alikuwa Ngao akiomboleza, na dawa yake iko mbele yangu, ningeweza kuigusa kwa mkono. Nilijua vizuri ninachofanya.

"Tungoje," nikasema.

Dada akafunua daftari lake. "Wewe ndiye utakayemkabili, si mimi," akasema. Hakubisha zaidi ya hapo, kwa sababu naye alitaka kujua. Nikatuma salamu nyumbani kwamba nimepata kazi, nikabaki kwake.

Siku ya kumi hakuna kilichobadilika. Ya kumi na moja majani mengine yaligeuka rangi ya chai. Ya kumi na mbili maji yalianza kunuka, hofu ikanishika, nikatia mikono mwenyewe nikazitoa ndoo. Miche ilikuwa imelala, inateleza kama kamasi. Dada akasema tuiache kivulini, itakayokuwa hai itainuka yenyewe. Siku nne niliamka nikiichungulia, nikijilaani, na bado nikiandika kwenye daftari lake mche gani umeinua jani. Iliyoinuka ilikuwa kumi na mmoja. Siku ya tisa ningerudi nyumbani na ndoo tatu nzima.

Nikaibeba ndani ya sufuria yenye matope hadi Ngao. Mama alikuwa jikoni akikoroga uji. Nikaweka sufuria mbele yake nikasema yote: leso, pipa, siku ya tisa, na kwamba mimi ndiye niliyesema tungoje. Nilisema haraka, macho chini, nikisubiri kofi.

Kofi halikuja. Mama aliuacha mwiko ndani ya uji, akachuchumaa. Akashika jani moja akalivuta taratibu, akachimbua mzizi kwa kidole, akaunusa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Umekaa majini siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Maji yalifunika hata ncha?"

"Hata ncha."

"Na hii iliyopona, ilikuwa katikati ya ndoo au pembeni?"

Nikafikiri. Sikuwa nimeangalia. Hata dada wa chuo kikuu hakuwa ameangalia, na daftari lake halikuwa na neno juu ya hilo. Nikasema sijui.

Mama akainua uso akanitazama, na sijawahi kumwona na hasira kama ile.

"Umeniibia mbegu ya mamangu, ukaniacha nilie wiki nzima," akasema, "halafu hukuangalia?"