Popo wa Upenuni kwa Mama

Nikianza kusimulia kisa hiki kuna watu hutabasamu. Watabasamu tu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, akili timamu, sijaonja hata tone la pombe. Nina hasira nacho mpaka leo, na mtu hawezi kukasirika miaka yote hii kwa jambo la kuota.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, zama zile sabuni unaipangia foleni na msumari unaupata kwa kujuana. Kijiji chetu kiko upande wa Didia. Jina lake nalihifadhi. Nilikuwa nimefiwa na mume, nikarudi kukaa na mama yangu mzazi katika nyumba aliyoiacha baba. Ilikuwa nyumba ya matofali, bati juu, dari ya mbao ndani. Lakini tangu baba afe hakuna aliyeitengeneza. Ubao wa pembeni mwa paa ulioza, bati likainuka upenuni, popo wakapata mlango. Jua likizama walikuwa wakimiminika mpaka unashindwa kuwahesabu, na harufu ya mikojo yao ilitufuata kwenye nguo hadi kanisani.

Sasa, mama yangu alikuwa na macho mekundu. Unajua kwa nini? Kwetu kuni zimekwisha, tunapikia mavi makavu ya ng'ombe. Mwanamke akiinamia moshi ule tangu usichana hadi uzee, ulitaka macho yake yawe ya rangi gani? Kijiji kizima kimekula ugali uliopikwa kwa moshi huo. Lakini mwanamke akizeeka, tena akiwa mjane, ghafla macho yanakuwa ushahidi. Mchawi! Na popo wanaotoka kwenye paa lake, basi ndio anaowatuma.

Aliyeniletea maneno hayo ni baba mdogo, ndugu yake baba tumbo moja. Alikuja asubuhi, akanywa uji wa mama yangu mpaka akaumaliza.

"Mwanangu, mimi sina neno na mama yako," akaniambia mama alipotoka. "Ila watu wanasema. Wale popo..."

"Popo wanaingia pale ubao ulipooza, baba. Njoo uone."

"Basi waondoe. Wakiondoka, watu watatulia. Wasipoondoka, mimi sitaweza kumzuia mtu."

Nilimwelewa. Wakati ule vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga vijijini, na asubuhi hakuna aliyeona wala kusikia. Nikatafuta fundi. Mmoja alisingizia mgongo. Mwingine alisema hapandi paa la watu wa namna ile. Paa la watu wa namna ile! Nilimtukana mpaka akavuka barabara. Kisha nikachukua nyundo ya marehemu baba, nikapanda mwenyewe.

Kazi ya popo ina utaratibu wake. Huzibi mchana, maana wamo ndani. Ukiwafungia watafia darini na utajuta. Unasubiri magharibi watoke, ndipo unaziba upesi kabla hawajarudi. Nilipasua madebe ya mafuta nikayanyoosha, nikayapigilia kwenye ubao mpya, nyufa ndogo nikazikandika udongo wa kichuguu. Jioni baada ya jioni, hadi likabaki tundu moja tu, lile kubwa la pembeni.

Jioni hiyo walitoka wote. Nilipoona pametulia nikapanda na koroboi yangu. Ngazi ilikuwa ya miti, inacheza vibaya. Ghafla ikaacha kucheza.

"Mwadila, mayu," sauti ikanisalimu kwa kilugha cha kwetu kutoka chini.

Mwanamke mzee, amejifunga kaniki, ameishika ngazi kwa mikono miwili. Sikumjua, lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Piga misumari yako, nimeshika."

Nikapiga. Msumari mmoja uliponiponyoka aliuokota akaninyooshea. Kiganja chake kilikuwa kikavu, tena cha baridi. Nitakuambia ukweli, nilifurahi. Siku zote hizo hakuna jirani aliyenishikia hata ngazi. Nikajikuta namweleza yote: popo, macho ya mama, maneno ya baba mdogo.

"Kwangu hakukuwa na popo," akasema. "Nyumba yangu ilikuwa ya nyasi. Walisema fisi."

"Fisi gani?"

"Fisi alilia ng'ambo ya mto. Wakasema ni wangu, nampanda usiku. Ziba tu, mwanangu. Kesho watasema bundi. Bundi akihama, watasema kuku."

"Sasa nifanye nini?"

"Jaruba la baba yako la mpunga, linashika maji?"

"Linashika, bibi. Hakuna linalolishinda."

"Basi mchukue mama yako mwondoke sasa hivi."

Hapo nikaelewa. Kazi yote ile, vidole vimechubuka, kumbe napigilia bati huku mtu anapima shamba! Nikapiga msumari wa mwisho, nikashuka, nikammulika yule bibi ili nimjue ni wa nyumba gani. Niamini mimi: shingo yake ilikuwa imepasuliwa kutoka sikioni hadi begani, na hapakuwa na damu. Lakini kilichonitisha zaidi ni macho. Yalikuwa meupe safi, kama ya mtoto mchanga.

Akaona ninavyoyatazama.

"Yalipona," akasema. "Huko niliko hatupikii mavi ya ng'ombe."

Nikapepesa macho, na mbele yangu ikabaki ngazi imeegemea ukuta.

Sikumwambia mama kitu. Nilimvuta mkono tukakatiza mashamba ya pamba hadi barabarani, lori la wafanyabiashara wa ng'ombe likatufikisha Kagongwa kwa rafiki yangu Mama Zaituni, aliyetupokea bila kuuliza. Usiku uleule watu wa mapanga waliingia nyumbani kwetu. Jirani alinisimulia baadaye: mlango ulivunjwa, godoro la mama likakatwakatwa. Darini hapakuwa na popo hata mmoja. Mbona hawakutulia, kama tatizo lilikuwa popo? Msimu uliofuata baba mdogo alipanda mpunga kwenye jaruba letu, lililopakana na lake.

Mama alifia Kagongwa kwa uzee, kitandani pake. Mimi kiganja changu cha kulia, kilichopokea ule msumari, hupoa kila magharibi. Nikishika kikombe cha chai sisikii moto wake. Nilikwenda kuulizia habari za yule bibi, nikaelekezwa kijiji cha pili kwa shemeji yake. Alinipeleka palipokuwa na nyumba ya nyasi. Pamelimwa pamba mpaka palipokuwa jiko.

"Ardhi nzuri sana hii," akaniambia, tena akicheka.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ziba paa lako, popo wananuka. Lakini siku ukiambiwa bibi fulani ni mchawi, usipoteze muda kuuliza anafuga fisi au popo. Uliza shamba lake limepakana na la nani.