Nani Kaua Samaki wa Padri?

Samaki wote wa chuo chetu walikufa Jumapili moja, tukiwa misani.

Jamani, wote! Tunatoka tunakuta matumbo juu, bwawa linanuka mpaka kwaya nzima imeziba pua.

Lile bwawa lilikuwa roho ya Padri mlezi wetu. Chuo ni cha Kanisa Katoliki, na mahubiri yake yote ni kutunza uumbaji: panda miti, funga bomba, usitupe chakula. Bwaloni alimweka Sista mlangoni pa jiko, kando ya pipa la taka. Ole wako umwage wali mbele yake! Hasemi kitu, anakutazama tu, unajiona jambazi.

Sasa nani kaua samaki?

"Si yule mama dobi?" mtu akaropoka. "Mtaro wake unapita pale pale."

Mama dobi ni mama yangu mzazi.

Jioni alishasimamishwa kazi. Nilimkuta kaketi kitandani, hata kitenge cha kazini hajavua.

"Mwanangu, maji ya sabuni namwaga shimoni siku zote. Nani atanisikiliza?"

Nilishikwa na hasira, nikalia kama mtoto. Kesho yake nikamvaa Padri ofisini.

"Baba, kausha bwawa, tuone kilichowaua. Ukiona kosa la mama, nifukuze na mimi."

Tukachota maji kwa ndoo, darasa zima. Chini tukakuta wali. Mkate. Maharage. Vimeoza, vimejaa mpaka magotini.



Rafiki yangu akakohoa. "Mimi huwa nawapa samaki makombo yangu. Kidogo tu, namkwepa Sista."

"Hata mimi," mwingine akasema.

"Na mimi."

Kumbe chuo kizima! Kila mtu alidhani yuko peke yake. Chakula kikaoza, kikamaliza hewa majini, samaki wakakosa pumzi.

Padri akaketi kwenye tope na kanzu yake.

"Mimi kila asubuhi, mkate mzima," akasema. "Tena nawaombea."

Alikuja nyumbani mwenyewe kuomba radhi. Mama akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kazini nitarudi, Baba, nina watoto wa kulisha. Ila mlipotafuta mkosaji mlianzia kwangu. Mbona hakuna aliyeanzia kwake mwenyewe?"

 

Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hujachungulia mtaro wa mwenzio, tazama kwanza mkono wako unadondosha nini.